Kamera Bubu

Kamera ya kwanza niliyopewa kuijaribu ilikuwa na mafuta ya uso wa mtu. Pale unapoegemeza jicho ili uchungulie pana raba ya mviringo, na raba ile ilikuwa imenyonya jasho na poda ya mwenyewe mpaka vikakauka vikawa ukoko wa kahawia. Nilirudisha kichwa nyuma haraka, lakini nilikuwa nimeshagusa. Siku hiyo nilinawa uso mara tatu, na jioni bado nilihisi kitu kinanitambaa kwenye nyusi.

Muuzaji aliona nilivyokunja uso, akadhani tatizo ni lenzi. Akaichomoa, akaihemea, akaona haitoshi, akaitemea mate na kuifuta kwa pindo la shati alilovaa. Mbele yangu, macho makavu. Duka lake lilikuwa chini kabisa kwenye jengo moja la maduka upande wa Nakivubo, mahali ambapo jua halifiki na ngazi zinanuka mkojo, na kabati lake lilijaa kamera zilizokufa zimelaliana kama samaki wa juzi.

"Nyabo, hii kamera iko muzuri sana," aliniambia. "Ilikuwa ya muzungu."

Kana kwamba jasho la Mzungu si jasho. Nilipoimulika lenzi kwa taa ya simu nikaona ndani yake nyuzinyuzi nyeupe za ukungu, zimeanzia ukingoni zinaelekea katikati. Ukungu, ndani ya kioo, umehamia na watoto wake. Nikamrudishia lenzi nikaomba nyingine, naye akatoa nyingine huku akicheka, akisema wanawake tuna macho ya kutafuta uchafu.

Nisingekwenda pale kwa hiari yangu. Mimi ni mpiga picha, na nina studio ndogo Wandegeya ninayoshirikiana na Mkenya mmoja: mimi napiga, yeye anazisafisha picha kwenye kompyuta na kuzichapa. Kamera yangu ya miaka mingi ilikuwa imenifia wiki iliyotangulia, siku ya mahafali, ukoo mzima wa mhitimu umejipanga mbele yangu na magauni yao ya gomesi na kanzu zao, mimi nabonyeza na hakuna kinachojibu. Nilitaka nyingine kabla ya Alhamisi. Siku hiyo zingeanza shughuli za harusi ya binamu yangu, binti wa mwisho wa shangazi yangu, na katika ukoo wetu anayeruhusiwa kupiga picha chumba cha wanawake ni mimi peke yangu.

Kwa asiyejua mambo haya, ugomvi wenyewe ni huu. Kuna kamera za zamani, zile za DSLR, ambazo ndani zina kioo kidogo. Kila ukibonyeza, kioo kinaruka juu na kurudi chini, na kamera inalia kacha, mtu aliye pembeni ya chumba anasikia. Halafu kuna hizi mpya zinazoitwa mirolesi, ambazo kioo hicho hazina. Ni nyepesi, ni ndogo, zinalitafuta jicho la mtu zenyewe na kulishika, na ukitaka zinyamaze zinanyamaza kabisa.

Hayo tu. Ungedhani ni jambo la mtu na kazi yake. Lakini wanaume wa Wandegeya waliligeuza dini. Wiki ile nzima sikula wali wangu kwa amani. Nikiketi kwenye kibanda cha chakula, mmoja anakuja na kijiti mdomoni kuniambia kioo kimepitwa na wakati. Mwingine, ambaye maisha yake yote hajapiga kitu zaidi ya mpenzi wake akiegemea gari la watu, ananiambia betri ya mirolesi haimalizi hata hutuba ya Ijumaa. Walikuwa wakibishana huku punje za wali zinawatoka mdomoni na kutua kwenye meza yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi napiga nini. Nilianza kuchukia neno lenyewe, kamera.

Na wateja nao hawana afadhali. Mjini kwetu kamati ya harusi haitaki kwanza kuona picha zako, inataka kuona kamera. Wanaume wanakaa kwenye viti vya plastiki, mwenyekiti anasema mpiga picha aonyeshe chombo, nawe unakitoa begani kama mtu anayeuza mbuzi. Chombo kikiwa kikubwa, wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Kikiwa kidogo wanauliza kama huyu ndiye au ni msaidizi wake. Kwa mambo kama hayo nimewahi kubeba lenzi ndefu isiyo na kazi, nimeifunga mbele ya kamera ili nionekane, na nilijiona mpuuzi siku nzima.

Mwenzangu wa studio alikuwa upande wa mirolesi, na sera zake alizimwaga asubuhi mpaka jioni. Si mtu mbaya. Ni mchapakazi, msafi, anasali kanisani kwake kila Jumapili, na tangu tuanze kazi pamoja hajawahi kuniinulia sauti. Jumatano alikuja na mirolesi aliyoazimwa na Mkenya mwenzake ili niijaribu wiki moja. Nami yule wa Nakivubo alikuwa ameshaniachia kamera ya kioo niijaribu, ile ile yenye ukoko, nimeisugua kwa spiriti na pamba mpaka vidole vikanichubuka na bado ilinuka. Nikawa na mbili mezani.

Nisiseme uongo, niliipenda mirolesi mara moja. Ilikuwa safi. Ilikuwa hainuki mtu. Niliishika kama mtu anavyoshika kikombe kipya, na mwenzangu akaiweka kwenye ule ukimya wake akaniambia, "Dada, hii hata ukipiga kwa mazishi hakuna mtu atageuka." Sisi wote wawili tulicheka.

Hapa ni lazima niseme kuhusu kwetu. Sisi ni Wanubi. Babu wa babu alikuja na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, na tangu hapo wanaume wetu wengi wameishia kwenye jeshi au polisi. Baba alikuwa polisi, nami nimelelewa Naguru katika nyumba za polisi, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi na Waacholi na Wateso na kila aliyeletwa na kazi. Mama alipofariki nikiwa mdogo, dada yake baba ndiye aliyenichukua. Shangazi huyo ndiye aliyenifunga hijabu ya kwanza, na ndiye aliyemuuzia jirani bangili zake mbili ili ninunue kamera ya kwanza, bila kumwambia mtu.

Miaka miwili iliyopita shangazi aliugua. Dawa za hospitali zilimkausha na kumpukutisha nywele zote. Alipona, lakini nywele ziligoma kurudi sawasawa. Ziliota vishungi huku na kule, na katikati pakabaki upara unaong'aa. Nje ya nyumba na wanawake wa karibu hakuna aliyejua. Mumewe wa pili alijua na hakusema. Mbele yangu mimi alikaa kichwa wazi, akaniita nimpake mafuta ya habasoda, akicheka kwamba sasa anafanana na kaka yake, yaani baba yangu. Nilimpaka mafuta hayo kila nilipokwenda kumtembelea.

Sasa, siku ya wanawake katika harusi yetu ina mpango wake. Mchana, baada ya sala ya adhuhuri, milango inafungwa. Wanaume na watoto wa kiume wakubwa wanafukuzwa mpaka barabarani. Simu zote zinatiwa kwenye beseni mlangoni na bibi mmoja mkali anakaa kando yake. Ndani bibi harusi anapakwa hina, udi unafukizwa, halafu ngoma yetu ya doluka inaanza, na wanawake wanavua kila kinachowabana. Hijabu zinatupwa kwenye kitanda. Mikono wazi, shingo wazi, vitambaa vyetu vya gurbaba vimefungwa kiunoni, vikongwe wanatingisha mabega kuliko wasichana.

Mimi na kamera yangu tuliruhusiwa, na kwa muda mrefu sikujiuliza kwa nini. Nilifikiri ni kwa sababu mimi ni binti wa nyumba. Kumbe kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyewahi kulitamka. Wanawake wale walinipima kwa sikio. Kamera ya kioo inapolia kacha ya kwanza, kila mtu anajua nimeanza. Asiyetaka anageuka, au anavuta gurbaba usoni, au anasogea nyuma ya mwenzake. Nikiishusha, sauti ikikatika, wanarudi walivyokuwa. Mara nyingi nilipiga picha ya kwanza ya ukuta kwa makusudi. Wenyewe walikuwa wakiendelea kucheza tu, na wala hawakunitazama, lakini masikio yalikuwa kwangu.

Alhamisi ile niliingia na zote mbili begani, nikatoa mirolesi.

Nilianza kwa kujaribu mwanga. Nikaona picha, nikashtuka jinsi zilivyokuwa nzuri. Nikapiga nyingine. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyevuta kitu usoni. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilikuwa nawaona kama walivyo kwa kweli, midomo wazi, kwapa zimelowa, mmoja anamkuna mwenzake mgongoni, na kamera inameza yote kimya. Nilijua. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikujua. Baada ya picha kumi hivi nilijua kabisa kwa nini hawageuki, na sikusimama.

Shangazi alikuwa kwenye mkeka karibu na dirisha. Joto lilimzidi, akavua hijabu akajifutia nayo uso, akaitupa pembeni. Wanawake wale wote walijua ugonjwa wake. Akainuka kucheza, polepole, mikono juu, na nuru ya dirishani ikamwangukia kichwani, juu ya upara wake na vile vishungi vyake, macho ameyafumba. Alikuwa anacheka peke yake. Kamera ikalishika lile jicho lililofumbwa na haikuliachia.

Alipofika mbele yangu alifumbua macho akaiona kamera mkononi. Hakushtuka. Alinigusa bega.

"Mwanangu, wewe unaanza saa ngapi?"

"Bado, shangazi," nikamjibu. "Bado kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka na mdundo wa ngoma. Baadaye, walipokuwa wamejifunga vizuri na kujipanga, nilitoa ile yenye ukoko nikapiga picha ya ukuta, kacha, na wote wakajitengeneza. Hizo ndizo picha walizodhani nimepiga.

Ijumaa asubuhi nilipeleka kadi za kamera zote mbili studio ili mwenzangu azilinganishe. Nilimwambia aangalie rangi tu, kisha nikatoka kununua karatasi za kuchapia. Nilikawia kwenye foleni. Hata sasa sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilikuwa nafikiri picha zile ni zangu.

Nilisikia sauti za wanaume kabla sijafika mlangoni. Tuna skrini kubwa inayotazama barabara, tunaitumia kuonyesha wateja picha kabla ya kuchapa. Shangazi yangu alikuwa kwenye skrini. Kichwa chake peke yake, kikubwa kuliko dirisha, kila tundu la nywele linaonekana, na mwenzangu amesimama na penseli akimwonyesha mwanafunzi mmoja jinsi lenzi ilivyoshika unyweleo. Walikuwa wanaume sita au saba. Wengine walikuja kupiga pasipoti. Mmoja alikuwa anakula chapati iliyoviringwa mayai, mafuta yanamtiririka kwenye kiganja, anatafuna mdomo wazi huku akiusogelea uso wa shangazi yangu. Akasema huyu mzee ana kichwa cha mwanaume. Wenzake wakacheka, si sana, kicheko cha watu wanaosubiri zamu yao.

Mwenzangu aliponiona uso ulimchangamka.

"Dada, mjadala umeisha," akasema. "Hii ndiyo kamera. Ona, hata hawakujua."

Nilichomoa waya wa skrini ukutani. Wateja wakalalamika. Nilienda nyuma, kwenye ndoo tunayooshea mikono, nikatapika chai yote ya asubuhi. Ningependa kusema nilitapika kwa sababu yao, kwa sababu ya yule wa chapati na mafuta yake. Lakini yeye alikuwa mtu wa njiani aliyeonyeshwa kitu akatazama. Aliyeingia chumbani ni mimi.

Mwenzangu alipoelewa aliomba msamaha mpaka nikachoka kumsikiliza. Alifuta kila kitu kwenye kompyuta mbele yangu, akamwaga na kapu la takataka la mashine, akaniapia kwa Yesu. Namwamini. Alirudisha mirolesi kwa mwenyewe mchana ule ule. Nami nikafuta kadi ya ile mirolesi, picha moja baada ya nyingine, bega kwa bega na kinyaa changu, mpaka nikafika kwenye ile ya dirishani.

Hiyo sikuifuta. Nilisema nitaifuta jioni. Jioni nikasema kesho. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nilikuwa na uchoyo nayo, ndio ukweli. Nikaihamishia kwenye simu yangu na kuificha kwenye folda yenye risiti.

Jumamosi, siku ya nikahi yenyewe, nilipiga kwa ile kamera ya Nakivubo, na wiki iliyofuata nikamlipa yule mtema mate. Ninayo mpaka leo. Inanuka bado. Watu wa Wandegeya wananiuliza kwa nini nimebaki na kioo, nami nawaambia nimeizoea, wao wananisifu kwamba nina msimamo. Sifa hizo zinanikera kuliko kejeli zao. Mtu anayelazimika kubeba kengele ili watu wajue amekuja hana msimamo wowote wa kusifiwa.

Wiki mbili baada ya harusi nilipeleka albamu Naguru. Shangazi alikuwa peke yake, ameketi kitandani kichwa wazi, chupa ya habasoda ameshaiweka tayari kwenye kistuli. Tuliitazama albamu pamoja. Alimcheka mkwe wake kwa alivyobana tumbo kwenye kanzu. Alipofika kwenye siku ya wanawake akaona wote wamejipanga na kujisitiri, akafurahi, akasema nimewapendezesha. Akaniombea dua. Ningeweza kunyamaza, na kila kitu kingebaki kama kilivyokuwa, albamu na dua na mafuta. Nilimimina habasoda kwenye kiganja na nilipotaka kuinua mkono nikaona siwezi kumgusa kwa mkono ule.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kamera isiyolia, lile jibu langu la bado kidogo, skrini. Sikulia, kwa sababu nilijua nikilia atanibembeleza. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akanyoosha mkono, akaomba kuiona. Nikamfungulia simu.

Aliitazama kwa muda mrefu. Aliisogeza mbali, kisha karibu, akapitisha kidole juu ya kile kichwa.

"Picha iko muzuri," akasema. "Hii kweli ni mimi." Akanirudishia simu. "Nani ingine ameona?"

"Mwenzangu wa studio. Na wateja."

"Wanaume?"

"Sita, shangazi. Au saba."

Nje watu wa nyumba ya jirani walikuwa wanapepeta mchele. Kisha shangazi akageuka, akavuta hijabu yake iliyokuwa imetundikwa kwenye pao la kitanda, akaikung'uta, akajifunga. Aliifunga vizuri, bila haraka, akaibana kwa pini chini ya kidevu kama mtu anayetoka kwenda msikitini. Akaniuliza kama nitakula, kuna maharage na kisamvu, akaniambia nisikawie sana kurudi kwa sababu ya foleni ya magari.

Nilikula. Nimekwenda kwake mara nyingi tangu siku hiyo, na ananipokea vizuri, na hajawahi kulitaja jambo lile tena. Hijabu haivui nikiwepo.